Dripu za Mama: tuendelee na dozi ya tatu au tusimame?

BARUA

Shikamoo Mama mshauri,

Nakuandikia ndugu zangu wakiwa hawajui. Tuko watoto wanne. Mama yetu ana miaka 64, ni mjane, anaishi kwenye kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, huku Kilimanjaro, na mimi ndiye ninayekaa naye.

Alianza kukwama na chakula. Kwanza ugali, kisha ndizi, mwishoni hata uji ukawa unarudi. Hospitali ya rufaa walimpitisha kamera kooni, wakachukua kinyama cha kupima, majibu yakarudi saratani ya umio. Siti skani ikaonyesha imeshafika kwenye ini na kwenye tezi za kifuani. Daktari alituita watoto pembeni akatueleza kwamba upasuaji hauwezekani na ugonjwa hautapona, ila anaweza kumwanzishia dawa za dripu "kumwongezea muda na kumpunguzia dalili". Wakamwekea kwanza stenti, kile kibomba cha waya kinachopanua njia ya chakula, na baada ya siku chache akaanza kunywa mtori tena. Tulilia kwa furaha.

Dripu ni dawa mbili, paklitakseli na kaboplatini, kila baada ya wiki tatu. Dozi ya kwanza alipata kichefuchefu siku tatu na nywele zikaanza kutoka, lakini yale maumivu ya ubavu wa kulia yaliyokuwa yakimnyima usingizi yalipungua sana. Akawa anatoka kulisha kuku mwenyewe. Dozi ya pili ilikuwa kitu kingine kabisa. Alilala wiki nzima, anatapika hata maji, na vidole vya mikono na miguu vikashikwa na ganzi. Hawezi kufunga vifungo vya gauni. Kikombe kilimponyoka chai ikamwagikia mguuni, hakusikia moto. Sasa amerudirudi kidogo: asubuhi anakaa kibarazani, mchana anarudi kitandani, jioni anaamka tena. Alikuwa na kilo 58, sasa ana 51.

Skani ya juzi inasema uvimbe haujaongezeka wala haujapungua. Daktari anasema hiyo ni habari njema, wiki ijayo tulete mgonjwa kwa dozi ya tatu. Nilipombana aniambie ni muda gani, alisema wagonjwa wa aina yake wengi huishi kama miezi minane, wengine zaidi.

Nyumbani hatuelewani. Kaka mkubwa, yuko Dar, anataka tuuze kipande cha kihamba tumpeleke India. Mdogo wetu wa kiume yuko Muscat, ndiye anayetuma hela nyingi, na kila jioni anapiga simu ya video: "Mama, pambana, usikate tamaa." Dada anayenifuata anasema tunamtesa mama bure. Muuguzi mmoja alitueleza habari za tiba shufaa, yaani matunzo ya kutuliza maumivu na dalili, na mofini ya maji, dawa kali ya maumivu. Kaka akakataa palepale, akasema ukishapewa mofini umeshaandikiwa kufa. Kwa hiyo mama anatumia tramadoli na diklofenaki tunazonunua dukani, na usiku haziyatulizi yale maumivu ya ubavu, ambayo yameanza kurudi.

Mama hajaambiwa. Tulimwambia ana kidonda kooni. Lakini juzi usiku nikiwa namkanda miguu aliniuliza: "Hizi dripu ni za kuniponya au za kunichelewesha?" Nikamjibu za kukuponya, Mama. Akanyamaza, kisha akasema anachotaka ni kumwona mjukuu wake akipata kipaimara mwezi wa kumi na mbili.

Mama mshauri, tuendelee au tusimame? Na nikisema tusimame, nitakuwa nimemuua mama yangu?

Binti wa Kilimanjaro

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Hapana. Kama mama ataondoka, atakuwa ameondolewa na saratani iliyoshafika kwenye ini, na hakuna neno utakalotamka kwenye kikao cha ukoo litakalogeuza hilo. Usikubali mtu yeyote akubebeshe mzigo huo, awe kaka, awe jirani, awe moyo wako mwenyewe saa nane za usiku.

Sasa mama. Katika barua yako nzima, mtu aliyeuliza swali sahihi ni yeye. Za kuniponya au za kunichelewesha? Familia nyingi hazifiki kwenye swali hilo. Hata Marekani, utafiti wa mwaka 2012 uliowauliza wagonjwa 1,193 wa saratani ya mapafu na ya utumbo mpana iliyosambaa ulikuta kwamba asilimia 69 ya wale wa mapafu na asilimia 81 ya wale wa utumbo hawakuwa wameelewa kuwa dripu zao hazikutarajiwa kabisa kuwaponya. Mama yako yuko mbele yao, na hakuna aliyemwambia kitu.

Jibu la kweli la swali lake ni kwamba dripu hizi zina kazi mbili: kuuchelewesha ugonjwa, na kuyatuliza yale ambayo ugonjwa unamfanyia mwilini. Kazi hizo mbili hazina uzito sawa kwa kila mtu. Mwaka 1998 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti ambao natamani kila ndugu wa mgonjwa ausikie. Waliulizwa watu 81 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa, wote wakiwa wameshapita kwenye dripu za sisplatini, kwa hiyo kutapika na kuchoka walikujua kwa miili yao. Wakaulizwa hivi: dawa ikikuongezea miezi mitatu ya kuishi, ungeichagua, au ungechagua kutunzwa tu bila dripu? Waliochagua dripu walikuwa asilimia 22. Wakaulizwa tena: dawa isipokuongezea hata siku moja, lakini ikakupunguzia dalili zako kwa kiasi kikubwa, je? Asilimia 68 wakasema ndiyo. Na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno. Walikuwepo waliokuwa tayari kupita yote yale kwa ajili ya wiki moja zaidi, na walikuwepo waliosema hata ukinipa miaka miwili sitaki.

Ndiyo maana siwezi kukuandikia "endelea" au "simama" nikiwa huku, na ndiyo maana kaka yako hawezi kuamua akiwa Dar wala mdogo wako akiwa Muscat. Mwenye mizani hiyo ni mama. Kazi yenu watoto ni kumpa vitu vya kweli vya kuweka juu yake.

Tuanze na dripu zenyewe zimefanya nini hadi sasa, maana hapo naona mambo mawili yamechanganyika. Kumeza kumerudi kwa sababu ya stenti. Stenti hufungua njia ndani ya siku moja au mbili, na yeye alianza kunywa mtori kabla ya dripu. Mtu akikuambia "mnaona, dripu zimemrudishia kula," mrekebishe kwa upole, maana mkiacha dripu stenti inabaki palepale. (Mtori upondwe hadi usiwe na bonge la nyama, ale akiwa amekaa wima, na kila baada ya kula anywe maji ya uvuguvugu. Nyama isiyotafunwa vizuri huziba stenti, na hapo ni safari ya hospitali.)

Kilichotokana na dripu, kwa dalili ulizoniandikia, ni yale maumivu ya ubavu. Ini likivimba kwa saratani huuma pale pale ulipopataja, na dawa ikiupunguzia uvimbe nguvu, maumivu hupungua. Hiyo ni faida halisi, tena kubwa: mama alilala usiku na akalisha kuku wake. Lakini sasa umeandika kwamba maumivu yameanza kurudi. Sentensi hiyo umeiweka katikati ya habari za tramadoli kama jambo dogo. Mimi nataka daktari aisikie kabla ya dozi ya tatu. Skani inayosema "haujaongezeka" ni habari njema kama mgonjwa naye anajisikia nafuu au yuko vilevile. Skani ikisema hivyo huku mgonjwa amepungua kilo 7, ganzi imemshika na maumivu yanarudi, basi ni lazima mtu aulize: tunachokitunza hapa ni picha au ni mama?

Simlaumu daktari wenu. Kliniki ina foleni, na yeye anaona anachoonyeshwa. Kwa hiyo muonyeshe. Chukua daftari la mwanafunzi, kila jioni mkae na mama akupe namba mwenyewe kuanzia 0 hadi 10: maumivu, kichefuchefu, uchovu, ganzi. Andika pia amekula nini, ametapika mara ngapi, amelala vipi. Usimjazie wewe, maana sisi watunzaji huandika hofu zetu. Kuna ushahidi kwamba jambo hili dogo lina nguvu: huko New York, kwenye hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, wagonjwa 766 wa saratani zilizosambaa waligawanywa makundi mawili, na waliokuwa wakiripoti dalili zao mara kwa mara kati ya ziara moja na nyingine, wauguzi wakizifanyia kazi, waliishi miezi 31 ikilinganishwa na miezi 26 ya wenzao. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2017. Wao walitumia kompyuta, lakini daftari mkiliwasilisha na likasomwa linafanya kazi hiyohiyo.

Na hesabu kitanda. Daktari wa saratani popote duniani, kabla ya kuandika dripu, hujiuliza mgonjwa huyu yuko kwenye ngazi gani kati ya 0 na 4. Sifuri ni mtu anayefanya kila kitu kama zamani, nne ni mtu asiyetoka kitandani kabisa. Mpaka wenye uzito ni kati ya 2 na 3, yaani kama yuko kitandani chini ya nusu au zaidi ya nusu ya saa anazokuwa macho. Akishapita nusu, dripu za kawaida kwa saratani kama yake mara nyingi huumiza kuliko kusaidia. Kwa ulivyoeleza, mama yuko pale mpakani. Daktari anaweza kumwona asubuhi kliniki amevaa kitenge kizuri, amekaa wima, akadhani yuko 1. Mwambie anaamka saa ngapi na anarudi kulala saa ngapi.

Jambo jingine ambalo barua yako inalisahau, na karibu barua zote za namna hii hulisahau: kuendelea na kusimama si njia mbili tu. Dozi inaweza kupunguzwa. Inaweza kusogezwa wiki moja au mbili mbele mwili upate nguvu. Dawa moja inaweza kuondolewa nyingine ikabaki. Ganzi ile kwa sehemu kubwa ni kazi ya paklitakseli, hujilimbikiza dozi hadi dozi, na huweza kukaa miezi hata baada ya dawa kuachwa. Mtu anayeungua kwa chai asisikie moto ameshafika mahali ambapo ni lazima dawa hiyo ijadiliwe upya. Kichefuchefu nacho hakikupaswa kuachwa kiendelee wiki nzima. Muulize daktari kama mama alipewa za kutosha za kuzuia kutapika kwa siku zinazofuata dripu, si siku ya dripu peke yake: ondansetroni, deksamethasoni, na olanzapini ambayo ni ya bei nafuu na husaidia sana. Na muulize kama mnaweza kukubaliana hivi: dozi moja zaidi, iliyopunguzwa, kisha tukae tuangalie daftari. Kama maumivu ya ubavu hayajashuka na kitanda hakijapungua, tunaacha. Mkubaliane kabla, kwa sababu baada ya dozi kila mtu atakuwa na sababu ya kuongeza nyingine.

Kuhusu ile miezi minane. Daktari aliposema "wengi huishi kama miezi minane" alikuwa anataja mgonjwa wa katikati: wapange wagonjwa wote kuanzia aliyeondoka mapema hadi aliyedumu, yule wa katikati kabisa ndiye wa miezi minane. Nusu walimtangulia, nusu walimpita. Madaktari wa saratani wa Sydney, Australia, wamefundisha njia rahisi ya kuifungua namba hiyo. Karibu nusu ya wagonjwa huangukia kati ya nusu ya namba ile na mara mbili yake, kwa hiyo hapa ni kati ya miezi 4 na 16. Kama mmoja katika kumi huondoka ndani ya robo yake, yaani miezi 2. Na kama mmoja katika kumi, au pungufu kidogo, hupita mara tatu yake, yaani miezi 24. Zungumzeni na daktari kwa namna hiyo: hali mbaya, hali ya kawaida, hali njema. Na muulize miezi hiyo minane inahesabiwa tangu lini, maana kama ni tangu dripu zilipoanza, sehemu yake imeshatumika.

Kwa kaka yako mkubwa, naomba umsomee aya hii. Kaka, moyo wako nauona. Ila saratani ya umio iliyoshafika kwenye ini haina dawa ya kuiponya, si Moshi, si Dar, si India. Atakachopewa huko ni dripu za jamii hiyohiyo, labda na nyongeza ambazo hazibadilishi jibu hili, mbali na kuku wake, mbali na wajukuu, katika mwili ambao hauvumilii safari. Kama roho yako haitatulia, chukua CD ya skani na majibu ya kinyama, peleka kwa bingwa mwingine, hospitali ya Ocean Road kule Dar, au Bugando ya Mwanza, au KCMC ya Moshi, upate maoni ya pili mama akiwa nyumbani. Hilo lina gharama ndogo na lina heshima. Kihamba msikiguse. Ni pale alipozikwa baba yenu, kama nyumba nyingi za huko, na mama akijua kimeuzwa kwa ajili yake atakufa na huzuni hiyo juu ya saratani.

Na kwa yule wa Muscat anayesema "pambana": aliye mbali hana cha kumpa mama isipokuwa hela na maneno, na maneno aliyonayo ni hayo. Lakini mama akisikia "pambana" kila jioni, atapata wapi nafasi ya kusema nimechoka? Mwambie leo ampigie amuulize alilalaje, ameota nini, na kama ile ndizi ya kule chini imezaa. Mwambie pia kuhusu utafiti uliotangazwa mwaka 2015 huko Marekani, wa wagonjwa 312 wa saratani zilizokuwa zimeshashinda dripu za awali. Waliokuwa bado wana nguvu wakaendelea kupewa dripu karibu na mwisho wao walikuwa na wiki ya mwisho mbaya zaidi kuliko wenye nguvu kama wao ambao hawakupewa, na hawakuishi zaidi. Mama yenu hajafika pale, saratani yake haijaonekana kuishinda dawa. Lakini siku ikifika, mdogo wako awe ameshajua kwamba kuacha dripu si kumwacha mama.

Ninachokasirikia kwenye barua yako ni kimoja, nacho ni hii habari ya mofini. Mama anaumwa usiku, dawa ipo, na hapewi kwa sababu ya msemo. Mofini ya maji haiandikii mtu kifo. Huanzishwa kwa kiasi kidogo, kila saa nne, ikipandishwa taratibu na mtaalamu hadi maumivu yanyamaze. Usingizi wa siku za kwanza hupungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo siku ileile anayoanza mofini aanze na dawa ya kulainisha choo. Wagonjwa hutembea, huenda kanisani, hupika wakiwa wanaitumia. Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 alikuja na njia ya kuchanganya unga wa mofini na maji ili dawa iwe ya bei ndogo na mgonjwa aweze kuinywa nyumbani kwake kijijini, na tangu hapo njia hiyo imewatuliza watu wengi wa ukanda huu. Ile diklofenaki iacheni hadi mzungumze na daktari, kwa sababu mtu anayetapika na asiyekunywa maji ya kutosha inamuumiza figo na tumbo, na kaboplatini inategemea figo hizohizo kutoka mwilini. Tramadoli nayo asiichanganye na mofini kwa kubahatisha. Muuguzi yule aliyewatajia tiba shufaa, mrudieni. Na mwambie kaka kwamba tiba shufaa si ya wanaokata tamaa, maana mwaka 2010 kule Boston wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa waligawanywa, nusu wakaunganishwa na tiba shufaa tangu mwanzo pamoja na dripu zao. Hao ndio walioishi vizuri zaidi, na pia wakaishi zaidi: miezi 11.6 kwa 8.9 ya wenzao, ingawa walipewa matibabu makali machache karibu na mwisho. Ukanda wenu una bahati, hospitali ya Selian Arusha ina miaka mingi kwenye kazi hii ya kuwafuata wagonjwa majumbani. Ulizeni pia hospitali yenu nani anawafikia watu wa kijijini kwenu.

Sasa lile gumu. Ulimjibu mama "za kukuponya". Ulijibu kwa upendo, na bado unaweza kurudi. Usimwage yote kwa pigo moja. Kaa naye wakati ule ule wa kumkanda miguu, useme: "Mama, juzi uliniuliza kuhusu dripu, na sikukujibu vizuri. Daktari ana maelezo ya ugonjwa wako. Ungependa uyasikie yote, au kidogo kidogo, au ungependa sisi watoto tuyabebe?" Kisha nyamaza. Akisema myabebe ninyi, hiyo ni haki yake na msimlazimishe. Akisema nataka kujua, mwombe daktari aongee naye wewe ukiwepo, na neno saratani litajwe. Nina hakika atakushangaza. Mama wa miaka 64 aliyezika mume, anayeona nywele zinatoka na watoto wanapigiana simu nje ya nyumba, hadanganywi na kidonda cha koo. Anawalinda ninyi.

Akishajua, muulizeni kwa maneno yake: Mama, ukipata siku nzuri nyingi zaidi, au siku zaidi hata kama nyingi ni mbaya, ungetaka zipi? Kitu gani hutaki kabisa kikufike? Kuna kitu unangoja? Hilo la mwisho ameshawajibu. Anangoja kipaimara. Basi kipaimara kiingie kwenye mazungumzo na daktari kama kipimo kingine chochote. Pata tarehe kutoka usharikani, hesabu kurudi nyuma. Kutapika huwa kwa siku za mwanzo baada ya dripu, kinga ya damu hushuka zaidi takriban wiki ya pili, na wiki ya tatu ndipo mtu hupata pumzi. Kwa hiyo kama mama atachagua kuendelea, dozi iliyo karibu na siku hiyo ipangwe ili kipaimara kiangukie mwishoni mwa wiki ya tatu, au isogezwe hadi baada ya sherehe. Madaktari hukubali hili wakiombwa. Wengi hawaombwi. Na kama miguu itakuwa imekataa, ongea na mchungaji mapema, sharika nyingi hazioni shida watoto kufika kwa bibi na mkate na divai.

Ukifika kliniki wiki ijayo usiache mazungumzo haya yafanyike kwenye korido. Sema: "Daktari, kabla ya dripu tunaomba dakika kumi." Mama awepo ndani, dada yako awepo, kaka na mdogo wako wawe kwenye simu ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba hakuambiwa. Daftari liwe mezani. Kama damu yake imeshuka au kilo zimeendelea kupungua, huenda daktari mwenyewe akaisogeza dozi, na hilo lisiwatie hofu.

Na kama ataipata, nunueni kipimajoto cha dukani mkae nacho. Homa ikifika 38 au akitetemeka kwa baridi katika wiki zinazofuata dripu, msimpe panadoli mkasubiri kuche. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, na neno la kwanza mapokezi liwe kwamba yuko kwenye dripu za saratani.